Fimbo Fupi na Jembe la Mwaitu Kalekye

Juu ya mlango wangu kuna fimbo mbili zimelala juu ya misumari. Mgeni akiingia anafikiri ni za kufukuza nyoka. Moja ni ndefu, moja ni fupi, na tofauti yao ni vidole vinne. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya udongo, na hata nyinyi ambao hamna habari na udongo lakini mko na nyanya nyumbani anayeuliza swali moja mara kumi kabla chai haijachemka, kaeni chini niwaambie habari ya hivyo vidole vinne. Mimi kichwa changu ni cha darasa la tano, hakishiki vitu vingi. Lakini hivi kimeshika.

Kazi yangu ilikuwa kupima matuta. Nilianza upande wa Kwa Vonza, miaka ya sitini ikielekea kuisha, nikaenda Zombe nikachomwa na jua mpaka mama yangu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, halafu nikaletwa Makueni. Kazi nilipata hivi. Ofisa alikuja na pimamaji, ile chupa ndogo yenye tone la hewa ndani, akatuuliza vijana kumi: tone likikaa katikati maana yake nini? Wengine wakasema chupa imeharibika. Mimi nikasema, “Maana yake ni sawa.” Nilikuwa nabahatisha. Nikaandikwa kazi, nikapewa shati ya kaki na suruali ambayo watu wawili wangeingia na bado wabaki na mahali pa kugeukia.

Kupima tuta si uchawi. Unafunga uzi mrefu kwa vichwa vya fimbo mbili, moja huku na moja kule, pimamaji inaning’inia katikati. Fimbo zote zinasimama kwa udongo. Tone likikaa katikati, hapo chini kwa miguu ya hizo fimbo ni sawa, unapigilia kigingi, mnasonga mbele. Mama wanachimba wakifuata vigingi, udongo wanarusha juu. Mvua ikija, maji yanalala kwa tuta kama mtu aliyeshiba. Lakini kuna sharti moja tu, ndogo, hata mbuzi angeielewa: fimbo zako ziwe na urefu mmoja.

Sasa, asubuhi moja nikienda kupima kwa mama wa mwethya, nilikutana na nyoka. Nilimpiga na fimbo ya kupimia. Nyoka alipona. Fimbo ndiyo ilikufa, ikavunjika ncha. Nikaikata vizuri na panga, ikawa safi, nikaendelea na safari nikipiga mluzi. Ile nyingine sikuikata. Mnanielewa?

Mwethya kwetu ni kundi la kufanya kazi pamoja, zaidi ni mama. Leo wanachimba kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Ukikosa bila sababu, wanakuja kwako wakiimba, wanachukua sufuria yako kubwa na hawairudishi mpaka ulipe siku zao. Hakuna polisi anaogopwa hivyo. Mwenye filimbi siku hizo alikuwa Mwaitu Kalekye. “Mwaitu” kwa Kikamba maana yake “mama yangu”, hivyo ndivyo watu wote walimwita. Mama mfupi, mweusi, mabega kama ya mwanaume, sauti ya kuamsha kilima.

Nilipima shamba la Mulwa, jirani yake. Yeye akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

“Kijana wa serikali, huu mstari unapanda.”

“Haupandi, mwaitu. Chupa haidanganyi.”

“Chupa haidanganyi. Wewe linganisha fimbo zako.”

Mama wakacheka. Mimi na ile suruali yangu nikakasirika. Nikamwambia, “Mwaitu, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?”

“Sikusoma,” akasema. “Lakini nimenyeshewa. Haya maji yatarudi yote pale mwanzo, kwa ghala ya Mulwa, na Mulwa atalia.” Akapuliza filimbi, mama wakachimba, kwa sababu serikali ni serikali hata ikiwa na suruali kubwa.

Mvua ikaja. Maji yakarudi yote pale mwanzo, tuta likapasuka, korongo likakata shamba, ghala ya Mulwa ikaenda na mahindi ndani, na Mulwa akalia. Jioni hiyo nikasimamisha fimbo zangu mbili kwa ukuta wa nyumba. Vidole vinne.

Nilifanya nini? Nilifanya kile mtu mwoga hufanya. Niliandikia ofisi kwamba mvua ilikuwa kubwa. Nikachonga fimbo mpya, hizi za zamani nikaficha chini ya kitanda kule kwetu Kitui, na nilipopewa uhamisho nikamshukuru Mungu kwa sauti. Huku nyuma, watu wa kile kilima hawakukumbuka fimbo zangu. Walikumbuka kitu kimoja tu: Kalekye alisema maji yatapita pale, na yakapita. Alijuaje? Ndiyo hivyo maneno huanza.

Miaka ikapita mingi, nikarudishwa Makueni. Nilikuwa mtu mzima sasa, suruali inanitosha, hata inanibana. Nikasema wacha nipitie nimsalimie Mwaitu Kalekye, pengine amesahau.

Alikuwa amesahau. Nilimkuta amekaa chini ya ghala yake, kamba ya mkonge imezungushwa kiunoni, mwisho wa kamba kwa nguzo. Mke wa mtoto wake, Syombua, alikuwa anatwanga mahindi ya muthokoi, anatwanga na kulia pamoja, bila kupumzika kwa yote mawili. Bwanake alikuwa anafanya kazi ya petroli Mtito Andei, akija mara moja kwa mwezi, na ile kamba ndiyo yeye alileta.

Mimi nikafanya ujinga ambao nyinyi wote mnafanya. Nikamshika mama mkono, nikakataa kuuachilia, nikamwuliza kwa sauti kama anayeongea na kiziwi, “Mwaitu! Unanijua? Mimi ni nani?”

Akaniangalia kwa huruma. “Maskini,” akasema. “Syombua, mpe huyu uji. Hajui jina lake.”

Sikucheka. Nacheka sasa. Wakati ule niliona kamba imelegea kiunoni, na mimi ni mtu wa uzi na mafundo, kazi yangu. Nikamwambia Syombua, “Fundo hili litafunguka, mama.” Nikapiga magoti nikafunga fundo la kikazi, lile halifunguki hata ng’ombe akivuta. Mwaitu Kalekye akainama akaliangalia sana. Akaligusa.

“Umefunga vizuri, mwanangu,” akasema. “Ni mbuzi gani huyo?”

Vijana, nimeumwa na nge mara mbili, hapana kama hiyo. Nilifungua lile fundo kwa meno.

Syombua akanieleza. Kumepambazuka tu, mama anachukua jembe anatoka, anasema anachelewa mwethya. Mwethya gani? Filimbi alishaiacha miaka. Anaingia shamba la Mulwa, anachimba. Mulwa amekuta mashimo kati ya kunde zake, mara ya kwanza mawili, halafu manne, sasa saba. Mtu mzee, asubuhi ya mapema, shamba la jirani, mashimo. Nyinyi ni watu wa Ukambani, hamhitaji kuambiwa walisema anazika nini.

“Jumamosi wanakaa na chifu mdogo,” Syombua akasema. “Mulwa anataka tuondolewe kilimani, mimi na mama. Na kuna wanaosema paa letu ni la nyasi, na nyasi hushika moto haraka. Wamesema nikisikia.”

“Na mwethya? Mama Nthenya ndiye ana filimbi sasa. Si akusaidie?”

Akanionyesha jiko. Kulikuwa na kasufuria kama kikombe. “Sufuria yangu iko kwake. Nimekosa mara tatu. Nikienda mwethya, nani anakaa na mama? Nikikaa na mama, nani analima? Baba, wewe ni wa serikali, niambie.”

Nilikuwa nimekuja kusalimia tu.

Nikaenda shamba la Mulwa peke yangu, yeye akiwa sokoni. Nikayaona mashimo. Nikaangalia shimo la kwanza, nikaangalia la pili. Nikarudi nyuma. Asi! Yalikuwa yamepangwa. Shimo, hatua kumi, shimo, hatua kumi. Nikatoa uzi wangu na fimbo nzuri, nikapima peke yangu kwa shida, fimbo moja nimeifunga kwa kichaka. Tone likakaa katikati. Nikasonga. Katikati. Yote saba, tone halikutikisika.

Nilikaa chini kwa udongo na suruali yangu ya kazi. Huyu mama hajui jina la mtoto wake aliyemzaa. Hajui kama amekula. Lakini mstari ambao mimi ningepiga siku ile, kama ningelinganisha fimbo, alikuwa nao mwilini, na kila asubuhi alikuwa anatoka kwenda kurekebisha kosa langu. Na kwa hilo kosa langu walikuwa wanataka kumchomea nyumba.

Ijumaa nilipanda lori mpaka kwetu, nikaingia chini ya kitanda. Jumamosi nilikuwa pale na fimbo zangu mbili za aibu.

Watu walikuwa wengi shambani. Mulwa akaongea vizuri, alikuwa na mdomo. Akaonyesha korongo, akaonyesha mashimo. Akasema, “Huyu mama alitabiri ghala yangu itaenda, ikaenda. Sasa anazika kitu ili niende mimi.” Watu wakanung’unika. Mwaitu Kalekye alikaa kwa jiwe, Syombua amemshika, na mama alikuwa anauliza kila mara, “Mbona hawachimbi? Wamekuja kukaa?”

Nikasimama. Nikaweka fimbo zangu mbili pamoja, miguu chini, vichwa juu, kila mtu aone.

“Hizi ndizo zilipima hapa,” nikasema. “Hakuna aliyelaani tuta. Nililipima vibaya. Huyu mama aliniambia nilinganishe, nikamtukana kwamba hakusoma. Nilijua jioni ile ile, nikanyamaza mpaka leo.”

Mama mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikakatika chenyewe.

Mulwa akaja mpaka karibu. “Yaani ghala yangu ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Miaka yote hii nimemchukia huyu mama bure?”

“Bure kabisa. Ungenichukia mimi, mzee. Mimi niko na miguu ya kukimbia, yeye hana.”

Aliinua bakora. Sikukimbia, ingawa nilikuwa nimetoka kutangaza nina miguu. Mama Nthenya akasema, “Mulwa, weka chini. Wacha amalize, halafu umpige.”

Chifu mdogo akaninong’oneza, “Wewe, unajua hii ni kazi yako unachezea?”

Nikamjibu kwa nguvu ili wote wasikie. “Andika! Andika jina langu na herufi zote. Lakini andika na hii: nimepima hayo mashimo saba, yako sawa kuliko kazi ya ofisi. Nilipita zahanati, sista akaniambia huu ni ugonjwa wa kichwa, unakula kumbukumbu, unaanza na za jana unaacha za zamani. Zile kazi za zamani ndizo zimebaki. Mwenye kuleta mganga alete. Mimi nimeleta pimamaji. Shika uzi, Mulwa, upime mwenyewe.”

Akashika. Naye alikuwa mtu mwenye akili akiacha hasira. Tukapima shimo la kwanza mpaka la saba, watu wanatufuata nyuma kama maziko. Kwa shimo la saba akaangalia tone, akaangalia mama pale kwa jiwe, akavua kofia. Hakuniomba msamaha, na kweli mimi ndiye nilipaswa. Niliomba. Akasema atafikiria. Alifikiria miaka miwili.

Lakini vijana, kuokoa mtu Jumamosi ni rahisi. Jumatatu je? Mama bado atatoka na jembe, Syombua bado hana sufuria. Hapo ndipo nilimwambia Mama Nthenya neno ambalo ndilo la maana katika kazi yangu yote, kuliko matuta. Nilisema, “Siku ya kukaa na Mwaitu Kalekye ihesabiwe siku ya jembe.”

Mama mmoja, simtaji maana wajukuu wake mnawajua, akaruka juu. “Kukaa kivulini na mzee ni kazi? Sisi tunakatika migongo!”

Syombua hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo alisimama. “Njoo kesho,” akasema. “Ukae wewe. Jioni utaniambia.”

Akaja. Jioni alirudi kwa Mama Nthenya kilemba kiko shingoni, kiatu kimoja hakionekani, akasema hiyo ihesabiwe siku mbili.

Sufuria ikarudi siku hiyo hiyo, wakiimba vile vile kama walivyoichukua.

Tulijifunza kwa kukosea. Kitu cha kwanza Mama Nthenya alikataza ni “unanijua?” Kwetu tunapenda hilo swali, tunashika mzee mkono tunamfanyia mtihani kama inspekta wa shule. Ikawa sheria ya mwethya: ukimsalimia Mwaitu, jitaje wewe kwanza. “Mwaitu, mimi ni Nthenya, tulichimba pamoja.” Akijua, ajue. Asipojua, hajaaibika. Ukiuliza “unanijua?”, unachota maji mitungi miwili kwa Syombua. Mimi mwenyewe nilichota. Suruali ya kaki, mtungi begani, watoto wa shule wanapita.

Alikuwa akiuliza bwana yake yuko wapi. Mara ya kwanza nikamwambia ukweli, mimi mtu wa haki: “Mwaitu, alikufa zamani.” Akalia kama amezikwa leo. Alipomaliza kulia akauliza tena, na mimi, kichwa cha darasa la tano, nikamwambia tena. Syombua alinifukuza na mwiko. Alinifundisha kuuliza, “Alikuwa mtu wa namna gani?” Basi mama anaanza kusimulia vile mzee alikuwa mvivu wa kuamka, anacheka, na ule msiba unapita.

Akitaka kutoka, usimvute mkono. Tembea naye, upande anaotaka yeye, mwongee, halafu mgeuke pamoja pole pole kama ng’ombe wa plau. Chakula, mpe kitu cha kushika: kipande cha kiazi, muhogo. Kijiko kilikuwa kinamchanganya, na akichanganyikiwa hali kitu. Jembe usimnyang’anye. Mpe lile lililoisha makali, mpini mfupi, na mahali pake pa kuchimba. Na Syombua naye, siku yake ikiwa imeshikwa na mwenzake, tulimfukuza nyumbani. Ndiyo, tulimfukuza! Nenda kwaya, nenda sokoni, nenda ulale kwa dada yako. Mwanzoni alikuwa anarudi baada ya saa moja kuchungulia kwa ua. Tukimwona tunampigia kelele kama mwizi.

Wako waliosema tunapoteza wakati, huo ni uzee tu, mwache akae ndani mlango ufungwe. Wengine walikuwa watu wa heshima, na Biblia mkononi. Nilibishana nao wote na bado nabishana. Ofisi ilinipa barua ya onyo kwa kuaibisha idara mbele ya wananchi. Niliwasomea mama wa mwethya, kwa shida, maana Kiingereza kilikuwa cha darasa la saba. Wakapiga makofi kila mahali pa nukta. Sijutii. Kama kungekuwa na mlango wa kufungia wazee, ningeuvunja nifanye kuni za kuchemshia maharagwe. Mtu akikwambia nyanya yako ni mchawi kwa sababu amepotea njia, mwambie aje kwangu nimwonyeshe kilicho juu ya mlango. Na mkija nyinyi, salimieni kwa kujitaja jina. Najua nawajua. Jitajeni tu.

Mwaitu Kalekye aliishi misimu mingi baada ya hapo, na kamba haikumgusa tena. Ile ya mkonge Syombua aliifanya ya kuanikia nguo.

Lakini nirudi siku ile mwethya walipokuja kuchimba tuta la Mulwa upya, kwa mstari wa yale mashimo saba. Mulwa mwenyewe ndiye aliwaita. Nilifika mapema na fimbo mpya, nimezipima nyumbani mara nane. Mama walikuwa wamesimama na majembe, Syombua kati yao, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na zamu ya kukaa na Mwaitu Kalekye ilikuwa ya Mama Nthenya, lakini Mwaitu alikataa kukaa, akaja na jembe lake butu.

Nikasema, “Mwaitu, mimi ni Nzioka, niliyepima vibaya.”

Hakunijua hata kidogo. Aliangalia zile fimbo. Akanyoosha mkono nikampa. Akazisimamisha pamoja kwa udongo, moja kando ya nyingine, akaweka kiganja juu ya vichwa vyao akakisukuma huku na huku, polepole, akitafuta vidole vinne. Hakuna mama aliyecheka.

Akanirudishia.

“Sasa pima,” akasema.